Mbuzi ya Kukaliwa

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa duka la kwenye simu. Silitaji jina, maana ukiwa Kenya na una simu unalijua, na huenda sasa hivi lina mzigo wako njiani. Nilianza kwa chaja. Kisha viatu vya kazi, kisha pazia, kisha sufuria za mfuniko wa kioo. Nafanya kazi ya kufua nguo katika hoteli moja ya Diani, kazi ya kusimama kutwa, na nikitoka sina miguu ya kuzunguka madukani. Kubonyeza kitu ukiwa umelala kitandani, kisha kukichukua Ukunda, karibu na Kona ya Musa, kulinifaa sana.

Pale ninapopanga, nyumba ya vyumba vinavyotazamana na ua katikati, nikawa mwagizaji wa wote. Jirani akitaka neti, ananijia. Akitaka nguo ya mtoto ya sikukuu, ananijia. Nilipenda kuwa mtu wa kusaidia, nami ni mgeni hapa. Kwetu ni bara, mbali, kwenye baridi. Na nilikuwa na sababu zaidi ya kupenda kusaidia ua ule, na sababu yenyewe ni mama mwenye nyumba.

Mama huyu ni Mdigo, mjane, mtu wa sala tano na mizaha mingi. Wakati hoteli zilipofungwa na sisi wa bara tukaambiwa tungoje nyumbani, hakuniuliza nitakula nini. Kila jioni nilikuta mlangoni sahani imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukindu kilichochongoka kama kofia. Chini yake wali wa nazi, mchuzi wa papa, siku nyingine mihogo. Nikienda kushukuru ananikatiza: "Rudisha kawa, mwanangu. Hayo mengine yako." Basi hata leo nikiona kawa moyo wangu hulainika.

Riziki yake ni nazi. Asubuhi huuza mbaazi za nazi na mahamri, na mwezi wa Ramadhani huuza futari: mihogo, ndizi mbichi, tambi, viazi vitamu, vyote kwa tui. Mwezi huo ndio unaoubeba mwaka wake. Huweka meza kwenye baraza ya duka lililofungwa, kando ya njia iendayo msikitini, mahali ambapo mtu akitoka kazini hawezi kupita bila kunusa. Lakini baraza si yake. Mwenye duka humwachia tu, na mwaka wa mkasa huu alikuja kumwambia kwa upole kwamba kuna mama mwingine, mkaanga viazi, ameiulizia. Hakutaka kumuudhi yeyote. Atakayekuwa amekaa pale na chakula siku ya kwanza ya mfungo, ndiye atakayekaa mwezi mzima.

Wiki chache kabla ya mfungo, nikiwa kazini, kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwake. Alikuwa na huzuni kweli. "Mwanangu, mbuzi yangu imekufa."

Nilisikitika. Sikujua kama alikuwa na mbuzi, lakini watu wa pwani hufuga vitu vyao kwa ndugu huko mashambani. Nikamjibu: "Pole sana mama. Ilikuwa inaumwa? Mungu atakupa ingine."

Nilipofika nyumbani nilikuta ua mzima unanisubiri. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ujumbe wangu ameshausikilizisha kila mtu, na machozi ya kicheko yanamtoka.

"Karibu, daktari wa mifugo," akasema. "Mgonjwa huyu hapa."

Akanisogezea kibao chake cha kukunia nazi. Msomaji wa pwani ameshacheka na yuko mbele yangu, lakini kwa wa bara mwenzangu naeleza: ni kigoda cha mbao cha kukunja, na mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno kuzunguka ncha. Mtu hukikalia, akakamata kifuu cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha kwenye yale meno. Kinaitwa mbuzi. Na cha mama, alichoachiwa na mama yake, ulimi ulikuwa umekatika.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia alipopata pumzi. "Mbuzi mwenye roho ni wangu, na amekufa. Mbuzi ya mti ni yangu, na imekufa. Nyinyi wa bara mnasema yangu kwa kila kitu, hata mume."

"Mume nasema wangu, mama."

"Kwa kuwa humuoni mara kwa mara."

Ua mzima ukaangua kicheko tena. Lakini kicheko kilipopoa nikamwona akipapasa pale chuma kilipokatikia. Nikamwambia asijali, nitamwagizia. Kwangu hilo lilikuwa jambo la dakika.

Niliandika "mbuzi" kwenye lile duka. Likaniletea fulana yenye picha ya mbuzi amevaa miwani, kengele ya shingoni, na chupa ya kunyonyeshea wanambuzi. Nikaandika "kukunia nazi". Nikapata kitu cha rangi ya fedha chenye meno, pichani kikubwa, kizuri. Nikakiagiza. Kilipofika kilikuwa kinaenea kiganjani.

Mama akakigeuzageuza. "Hiki cha kukunia nini? Ndimu?"

Nikakirudisha. Nikaagiza kingine, cha kufunga kwenye meza na kuzungusha mkono. Hicho kilikuwa njiani, kikaendelea kuwa njiani, halafu nikapata ujumbe wa kuniomba radhi kwamba hakipo. Silisemi vibaya duka lile. Lilikuwa limenifanyia mengi, na halina kosa la kutojua kitu ambacho watu wa mtaa mmoja wanakiita kwa jina la mnyama. Ila nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kisichokuwemo mle hakipo duniani, na siku za mfungo zilikuwa zinakuja.

Nikamshauri mama akakunishe kwa mashine ya sokoni. Alishaijaribu. Kwanza, foleni ya kabla ya Ramadhani. Pili, ile mashine hukuna mpaka kwenye kifuu, tui likatoka na rangi ya vumbi. Na tatu, nazi ikikunwa mapema, joto la Ukunda huichachusha kabla futari haijaiva. Yeye hukuna kidogo kidogo kadiri anavyopika. Nikamtajia tui la pakiti. Akanitazama kwa huruma, kama nilivyokuwa natazamwa shuleni.

Basi nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimeliacha kwa muda mrefu: nikaanza kuuliza watu. Nilishuka Kona ya Musa siku yangu ya mapumziko, nikapita kwa wauza vyombo mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na mbuzi mpya, ya mti mweupe, ulimi wake bati tupu, na mwenyewe akaninong'oneza nisiinunue kwa kazi ya biashara, itajikunja. Hebu fikiria: muuzaji ananiambia nisinunue. Wa pili akanielekeza kwa fundi seremala, na seremala akasema mti anao, chuma hana. Sikupata nilichotaka, lakini nilirudi nimeshika kipande cha muwa nilichopewa bure na muuza matunda ambaye sasa hivi ndiye ninayenunua kwake. Nilikuwa nimepita pale miaka yote nikiwahi mzigo wangu, wala sijawahi kumwambia habari ya asubuhi.

Kazini nikamsimulia mwenzangu wa kupiga pasi, mtu wa makamo kutoka huko bara ya Kwale, upande wa Kinango. Akaacha pasi. "Dada, mbona hukusema? Mjomba wangu yuko Samburu, hii ya kwetu Kwale, pale barabarani. Anafua visu, majembe, mapanga, kwa chuma cha springi za malori. Mwambie unataka mbuzi gani, atakupa isiyokufa."

Akanipa nambari. Alichosahau kuniambia, kwa kuwa kwake halikuwa jambo la kusemwa, ni kwamba siku za mnada mjomba huacha nyundo na kuuza mifugo.

Nilijiandaa kwa simu ile. Nilijikumbusha somo la mama: ya mti ni yangu. Nilitaka kusema Kiswahili kilichonyooka. Nikapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza, nikamtaja mpwa wake kwa kazi yake, tukasalimiana vya kutosha.

"Mzee, nataka mbuzi. Ile yetu imekufa."

"Aa, pole. Imekufa na nini?"

"Uzee tu. Ilikuwa ya marehemu nyanya."

"Basi imekula chumvi. Hii unayotaka ni ya futari?"

Nikafurahi jinsi anavyoelewa haraka. "Ndiyo mzee, ya futari. Lazima ifike kabla ya mwezi kuandama."

"Itafika. Yenye meno mangapi?"

"Mengi. Na yawe makali."

"Makali? Mama, utaila wewe au itakula wewe?"

Nikacheka. Nikaona huyu mzee ana mizaha kama mama. "Na iwe imara, mzee. Ni ya kukaliwa."

"Ya nini?"

"Ya kukaliwa. Na mama mwenyewe ana mwili kidogo."

Nilisikia lori likipiga honi huko kwake, kisha akashusha pumzi. "Sawa. Nitakuchagulia yenye mgongo."

Nilimwambia mama kila kitu kimekwisha. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea dua ndefu, mimi na kizazi changu. Siku zilizofuata alinunua nazi, akazipanga kibarazani kama mtu asiye na wasiwasi.

Mzee alikuja mwenyewe, Alhamisi mchana, na pikapu ya mbuzi inayoshuka kupitia Kinango kuwaletea wachinjaji wa Ukunda. Tulisikia "Hodi!" na mama akaitika "Karibu!" akijifunga leso yake vizuri. Akaingia mtu mrefu mwenye kofia ya jua, na nyuma yake, kwa kamba, mbuzi jike mweupe mwenye baka jeusi, mgongo wake mpana kweli.

Wa kwanza kusema alikuwa mbuzi.

"Mama," mzee akaniuliza akinitazama, "ndiye huyu wa kukaliwa. Anayemkalia ni nani?"

Sijui nani alianza. Najua mama alilazimika kushika nguzo. Mimi niliingia chumbani, nikatoka na ile mbuzi iliyovunjika, nikaiweka chini mbele ya mzee. Aliitazama, akamtazama mbuzi, akakunja kanzu na kuketi chini pale pale, akapiga paja.

"Mwanangu," mama akaniambia, "nilikufundisha nini? Mwenye roho?"

"Nilisema yangu, mama! Yetu, imekufa, yenye meno! Nilisema vizuri kabisa!"

"Alisema vizuri," mzee akanitetea, akijifuta macho. "Shida ni sauti. Sauti ni ya bara, na mtu wa bara akisema yangu, mimi nasikia wangu. Tena kwetu Samburu nazi tunaziona safarini. Mtu akisema mbuzi, meno ya kujulia umri, futari, nitafikiri nini? Hapo pa kukaliwa nilikwama, nikasema labda kwao kukaliwa ni kufugwa."

Hapo ndipo niliporudi kukumbuka siku. Ijumaa na Jumamosi, halafu watu wangeanza kuutafuta mwezi. Kicheko kiliniisha, na nadhani kilimwisha mama pia, kwa kuwa alitazama zile nazi kibarazani. Nilijiona nimempotezea muda wake wote: kwanza kwa simu yenye picha, sasa kwa simu yenye sauti.

Mzee hakuuliza mengi. Aliipindua mbuzi ya mti, akagonga miguu yake kwa kifundo cha kidole. "Mti huu mzima," akasema. "Usitupe. Kilichokufa ni ulimi tu." Akauchomoa, akaufunga pamoja na kipande kilichokatika ndani ya leso aliyopewa na mama. Jumamosi pikapu ile ingerudi na mbuzi wengine kwa soko la siku hiyo. Dereva wake ni mtu wa kwao. Mzee angefua ulimi mpya kwa kipimo cha ule, nao ungekuja na dereva.

Na mbuzi mwenye roho? Nilidhani ataendelea kwa mchinjaji. Lakini mama alikuwa ameshaanza kumkuna kati ya pembe. Wakavutana bei wao kwa wao, kwa Kidigo na Kiduruma, lugha zinazosikilizana kuliko zangu na za yeyote pale. Mimi sikuulizwa. Nilipotoka kuoga mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa mstafeli wa uani na mzee ameondoka na sahani iliyofunikwa kawa, kwa masharti ya kuirudisha.

Kawa ilirudi Jumamosi, kwa mkono wa dereva wa pikapu. Ndani yake, ulimi. Ulikuwa mweusi, mzito, ukinuka moto na mafuta ya gari, meno yake yamechongwa moja moja kwa tupa. Seremala wa Kona ya Musa, yule aliyekuwa na mti asiwe na chuma, aliupachika akiwa amesimama, akakataa hata tusimshukuru sana. Mama akaketi. Akavunja nazi, akamwaga maji yake kwenye bakuli, akaanza kuzungusha. Ile sauti, kwaru kwaru, nilikuwa sijui kwamba nimeikosa. Nazi ikaanguka kwenye sinia nyeupe kabisa, nyepesi, bila hata chembe ya kifuu.

Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza ya mfungo niliomba zamu ya asubuhi, na mchana mama akaniambia: "Mimi bado nakamua tui. Nenda ukanikalie baraza." Nikaenda na meza, kitambaa na mihogo ya mwanzo, nikaketi kwenye kibao mbele ya duka lililofungwa, mimi Mkristo wa bara, nikilinda meza ya futari. Mkaanga viazi alikuja na jiko lake. Alisimama, akanisalimu vizuri.

"Unauza nini, dada?"

"Mihogo imefika. Mwenyewe anakuja na mbaazi."

Akanusa sufuria. Akacheka kidogo, kwa moyo safi, akahamia ng'ambo ya njia, na mwezi mzima watu walinunua viazi kwake na mihogo kwetu. Mwenye duka alipopita kabla ya magharibi mama alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya meza yake, na alichofanya mwenye duka ni kuomba afungiwe futari ya watu watano.

Bado ninalo lile duka kwenye simu. Juzi nimeagiza chaja. Lakini watu wa ua wakinijia, siku hizi tunaanza kwingine, na kama nawe ungependa kujaribu, si vigumu. Kwanza tunakitazama kile kilichoharibika, tuone ni chote kilichokufa au ni ulimi tu. Mara nyingi ni ulimi tu. Zipu imekufa, begi zima. Fundi wa zipu yuko hatua chache kutoka kituo nilichokuwa nachukulia begi jipya. Kisha tunauliza nani anakitengeneza, na ukiuliza mtu mmoja utapewa watu watatu, ndivyo Ukunda ilivyo. Mikeka nimeipata kwa wanawake wa Msambweni wanaosuka wenyewe, na viatu vya kazi kwa fundi aliyepima mguu wangu badala ya kuniuliza nambari. Ni kweli inachukua muda. Muda huo ndio ulionipa muuza matunda, seremala, na mzee wa Samburu, ambaye hunipigia simu kila sikukuu kuniuliza kama mama bado anakalia mbuzi. Na nikiagiza kitu kwa mtu, nataja kitu hicho ni cha kazi gani kabla ya kutaja jina lake.

Asubuhi huamshwa na kwaru kwaru. Mama akimaliza kukamua hubaki machicha, yale makapi meupe ya nazi, na huyapeleka pale mstafelini, kwa yule mweupe mwenye baka jeusi, ambaye sasa ana mtoto.

"Wako huyo," huniambia. "Ulimwagiza mwenyewe."

"Wangu," namjibu. Na hilo, angalau, nalisema sawa.